OTTO WEIDT: Bosi wa karakana ya brashi aliyewaficha wafanyakazi wake vipofu

Leo naomba tuweke pembeni kidogo mambo ya siasa na mpira, nikusimulieni habari ya mzee mmoja wa Kijerumani aliyekuwa na karakana ndogo ya kutengeneza mifagio na brashi. Ndiyo, brashi hizi hizi za kusugulia sakafu na kufutia vumbi kwenye koti. Najua kuna mtu hapo ameshaanza kujiuliza brashi nazo zina stori gani. Subiri kidogo, usifunge ukurasa, dakika zako za kafe hazitapotea bure.

Wengi wetu tumeiona ile filamu ya Schindler's List, ya tajiri wa Kijerumani aliyewaokoa Wayahudi kwa kuwaajiri kiwandani kwake wakati wa Vita Kuu ya Pili. Schindler alikuwa na kiwanda kikubwa, na baadaye akapata na filamu kubwa ya Hollywood mwaka 1993. Huyu wa leo anaitwa Otto Weidt. Yeye hakuwa na kiwanda kikubwa. Alikuwa na vyumba vilivyofuatana kama mabehewa ya treni, uani kwa jengo moja katikati ya Berlin. Mwenyewe macho yalikuwa yamekwisha, karibu kipofu kabisa. Na wafanyakazi wake, watu kama 30 hivi, wengi wao walikuwa vipofu na viziwi, na walikuwa Wayahudi. Yaani katika Ujerumani ya Hitler, hao walikuwa na hatari juu ya hatari.

Mimi habari zake nilizikuta nikiwa natafuta kitu kingine kabisa, habari za ajira kwa walemavu. Nikasoma kidogo, nikajikuta natafuta zaidi na zaidi. Nimeona haifai nibaki nayo peke yangu. Twende kazi.

ALIKOTOKEA

Otto Weidt alizaliwa tarehe 2 Mei 1883 katika mji wa Rostock, kaskazini mwa Ujerumani, karibu na bahari. Ukitaka kuupima mwaka huo kwa hesabu zetu, ni miaka 2 kabla ya 1885, mwaka ambao Wajerumani walianza kuidai nchi hii kuwa yao. Kwa hiyo ni mtu wa rika la wale Wajerumani ambao babu zetu waliwafahamu kwa kiboko. Lakini kama ilivyo kila mahali, watu wa taifa moja hawafanani.

Familia yake ilikuwa ya kimaskini. Baba yake alikuwa fundi wa kubandika karatasi za ukutani na kutengeneza makochi, na Otto naye akajifunza ufundi huo huo. Baadaye wakahamia Berlin, jiji kubwa, ambako kijana huyo akaanza kukaa na watu wenye mawazo makali, watu waliopinga vita na kupinga serikali kuwapanda watu kichwani. Alikuwa pia anapenda kuandika mashairi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja hakupelekwa mstari wa mbele kwa sababu ya maradhi ya sikio, na kwa jinsi alivyoichukia vita, nadhani hakulia.

Kwa hiyo jamaa hakuwa mwanasiasa, hakuwa padri, hakuwa tajiri wala msomi. Alikuwa fundi, mtu wa kufanya kazi kwa mikono.

MACHO YANAKWISHA

Sasa fikiria, wewe ni fundi wa kubandika karatasi za ukutani, kazi inayotaka jicho kali maana maua ya karatasi hii lazima yakutane na maua ya karatasi ile, halafu macho yanaanza kufifia. Hicho ndicho kilichompata Weidt. Alipokuwa mtu mzima uwezo wake wa kuona ulipungua hadi akalazimika kuacha ufundi wake.

Hapo ndipo alipojifunza kazi nyingine: kutengeneza brashi na kufunga mifagio. Ujerumani kazi hiyo ilikuwa inahesabika tangu zamani kuwa kazi ya vipofu, na sababu yake unaielewa ukijua inavyofanyika. Unachukua ubao mdogo uliotobolewa matundu kwa mistari. Unashika fungu la singa, kwa mfano za mkia wa farasi, unalikunja katikati, unapitisha waya kwenye mkunjo, unalivuta liingie tunduni mpaka likaze. Unahamia tundu linalofuata. Ukimaliza ubao mzima unakata singa zilingane. Kidole ndicho kinachotafuta tundu, kidole ndicho kinachopima fungu lisiwe nene wala jembamba, na kidole ndicho kinachojua kama waya umekaza. Jicho halina kazi kubwa pale. Mtu asiyeona akishazoea, brashi yake haina tofauti na ya mwenye macho mawili.

Mimi hili lilinigusa kuliko nilivyotegemea. Mitaani kwetu ukimwona mtu asiyeona, mara nyingi umemwona kwenye foleni ya magari au nje ya nyumba ya ibada, ameshikwa mkono na mtoto ambaye angetakiwa kuwa shule. Tunampa sarafu, tunaendelea na safari, roho zetu safi. Ni wangapi tuliowahi kujiuliza vidole vya mtu yule vinaweza kutengeneza nini kama angepewa ubao, waya na mteja wa kununua? Nasisitiza mteja, kwa sababu ufundi bila soko ni mateso mengine. Weidt alilielewa hilo vizuri, na ndilo lililofanya karakana yake iwe na nguvu.

KARAKANA INAANZA

Mwaka 1936 Weidt alifungua karakana yake ya vipofu kwenye chumba cha chini ya ardhi huko Kreuzberg, mtaa mmoja wa Berlin. Hakuwa peke yake. Alikuwa na mbia wake aliyeitwa Gustav Kremmert, na mke wake Else naye alikuwa bega kwa bega na biashara hiyo. Mwaka 1940 wakahamia mtaa wa Rosenthaler namba 39, katikati ya mji, uani, na hapo ndipo mambo yote makubwa yalipotokea.

Ngoja nieleze hali ya nchi ilikuwaje, maana bila hivyo huwezi kuelewa uzito wake. Hitler alishika madaraka Januari 1933. Julai mwaka huo huo serikali yake ikapitisha sheria ya kuwahasi kwa nguvu watu waliosemekana kuwa na maradhi ya kurithi, na katika orodha hiyo upofu wa kurithi na uziwi wa kurithi vilikuwemo. Kwa Wayahudi ilikuwa mbaya zaidi: mwaka 1935 wakavuliwa haki za uraia, wakafukuzwa makazini, maduka yao yakachukuliwa. Septemba 1941 wakalazimishwa kushona nyota ya njano kwenye nguo ili kila mtu awajue barabarani. Na Oktoba 1941 treni zikaanza kuwatoa Berlin kuwapeleka mashariki, ambako wengi hawakurudi.

Chukua hayo mawili uyaweke kwa mtu mmoja. Haoni, na ni Myahudi. Kwa macho ya serikali ile, huyo hakuwa na faida yoyote, ni mdomo tu wa kulishwa. Kitu kimoja tu kingeweza kumchelewesha kupanda treni: karatasi inayosema ana kazi, na kazi yenyewe ni muhimu kwa vita.

Karatasi hiyo Weidt alikuwa nayo.

TENDA YA JESHI

Mmoja wa wateja wa karakana alikuwa jeshi la Ujerumani. Jeshi lolote linataka brashi, za viatu, za bunduki, za farasi, za kusugulia kambi. Kwa kupata oda za jeshi, karakana ya Weidt ikaandikwa kuwa ni kazi muhimu kwa ulinzi. Maana yake akapata mgao wa malighafi wakati kila kitu kilikuwa adimu, na akawa na sababu ya kuwaambia wakubwa kwamba wafanyakazi wake wasiguswe.

Wafanyakazi hao wengi walitoka kwenye nyumba ya kulelea vipofu wa Kiyahudi iliyokuwa mtaa wa Steglitz. Kisheria hawakuwa waajiriwa huru. Wayahudi wote wenye uwezo wa kufanya kazi walikuwa wanapangiwa kazi kwa lazima na ofisi maalum, kwa ujira mdogo. Lakini kupangiwa kwa Weidt na kupangiwa kwenye kiwanda kingine vilikuwa vitu viwili tofauti kabisa. Kwa Weidt ulikuwa mtu. Wafanyakazi walimwita Papa, yaani baba.

Hapa lazima nisimame, maana najua kuna mdau atauliza kwenye maoni, na anayo haki: huyu mtu si alikuwa analiuzia brashi jeshi la Hitler? Ndiyo, alikuwa analiuzia. Mimi nimelifikiria sana jambo hili. Nilivyolielewa ni kwamba jeshi lile lisingekosa brashi kwa sababu Weidt amekataa, wangenunua kwingine kesho yake asubuhi. Ila wale watu 30 wasingepata karatasi kwingine. Aliichukua tenda ya adui akaigeuza mwavuli. Isitoshe, brashi na mifagio mingi haikwenda jeshini kabisa. Jeshi lilipelekewa kiasi cha kuwaridhisha wasiulize maswali, na sehemu nyingine ikaingia kwenye magendo. Wakati wa vita mfagio mzuri ulikuwa bidhaa ya kutafutwa, ungeweza kubadilishana nao chakula, vinywaji vikali, manukato. Na vitu hivyo vilikuwa na kazi yake.

RUSHWA INAYOOKOA

Sisi tumekulia kwenye nchi ambayo rushwa tunaichukia, na tunayo sababu. Sasa msome huyu. Weidt alikuwa anahonga. Aliwahonga maofisa, aliwahonga polisi wa siri, yaani Gestapo. Chupa hapa, manukato ya mke wa mkubwa pale. Kwa hongo hizo akawa anaweza kuajiri watu ambao hakuruhusiwa kuwaajiri.

Kwa mfano, Myahudi hakuruhusiwa kufanya kazi za ofisini. Weidt akawa nao wanane wenye macho mazuri tu, baadhi yao wakiwa ofisini kwake. Mmoja alikuwa msichana aitwaye Inge Deutschkron, aliyezaliwa mwaka 1922. Mwingine alikuwa Alice Licht, katibu wake. Polisi wakija kukagua, ishara inatolewa, wale wasiotakiwa kuonekana wanatoweka upesi, na wakaguzi wanakuta vipofu wametulia kwenye benchi zao wanavuta waya.

Baadaye Inge alipolazimika kuishi mafichoni, Weidt alimpatia kitabu cha kazi cha mwanamke mwingine asiye Myahudi ambaye hakukihitaji, na kwa muda msichana yule akawa anakuja kazini kwa jina la mtu mwingine, bila nyota, kama Mjerumani wa kawaida.

Halafu ikaja siku ambayo ndiyo inayosimuliwa zaidi. Mwaka 1942 Gestapo waliwakamata wafanyakazi wake vipofu na kuwapeleka kwenye jengo la mtaa wa Große Hamburger, ambako Wayahudi walikuwa wanakusanywa kabla ya kupandishwa treni. Kutoka karakana mpaka pale si mbali, unakwenda kwa miguu. Weidt akaenda. Mzee wa karibu miaka 60, haoni vizuri, anaingia mahali ambapo watu wenye akili walikuwa wanapita upande wa pili wa barabara. Akawaambia kwamba bila watu hawa oda ya jeshi haitatimia, na bila shaka na hongo haikukosekana. Wakamwachia watu wake. Akatoka nao barabarani, msafara wa vipofu wenye nyota za njano kifuani, wakaongozana naye kurudi karakana kufanya kazi.

Mimi picha hiyo haiwezi kunitoka. Wapo viongozi wenye macho yote mawili wanaowaongoza watu shimoni, na hapa mtu asiyeona anawatoa watu shimoni mchana kweupe.

CHUMBA KISICHO NA DIRISHA

Ningependa stori iishie hapo lakini haikuishia hapo. Tarehe 27 Februari 1943 serikali ikaamua kumaliza kabisa. Siku hiyo na siku zilizofuata, askari walivamia viwanda vya Berlin na kuwakamata maelfu ya Wayahudi waliokuwa bado kazini. Safari hii karatasi ya kazi muhimu haikusaidia tena. Wafanyakazi wengi wa Weidt wakachukuliwa, na wengi wao wakauawa Auschwitz.

Biashara ikiwa imeshindwa kuwalinda kwa njia ya sheria, ikabaki njia ya kuwaficha. Weidt na wenzake walikuwa wametayarisha sehemu mbalimbali za kujificha. Moja ilikuwa mle mle karakana. Chumba cha mwisho kabisa hakikuwa na dirisha, na mlango wake ulizibwa na kabati la nguo. Ukilifungua kabati unakuta nguo zimening'inia, ukizisogeza unapita nyuma yake. Humo aliishi mfanyakazi wake mmoja, Chaim Horn, na mke wake Machla na watoto wao wawili, Max na Ruth. Familia nzima gizani, mchana na usiku, na nje ya kabati watu wanaendelea kufunga brashi kama kawaida. Waliishi hivyo kwa miezi kama tisa.

Weidt hakuwa na uwezo wa kufanya haya peke yake, na hapa naomba nimtaje mtu ambaye historia ilimdhulumu. Anaitwa Hedwig Porschütz. Alikuwa mwanamke wa maisha ya chini, aliyewahi kuuza mwili wake, na alikuwa anajua njia zote za magendo. Ndiye aliyewatafutia chakula, ndiye aliyesaidia kupata hati za bandia, na nyumbani kwake alificha wanawake kadhaa wa Kiyahudi. Mwaka 1944 akafungwa kwa kosa la magendo. Baada ya vita alipoomba kutambuliwa kwa mema aliyoyafanya, alikataliwa kwa sababu ya maisha yake ya zamani. Alifariki mwaka 1977 bila heshima yoyote. Ilibidi mpaka mwaka 2012 ndipo akahesabiwa na Israeli miongoni mwa watu waadilifu waliookoa Wayahudi. Wanaoitwa watu wenye heshima zao walifunga milango, huyu akafungua wa kwake. Kila mmoja wetu ajijazie mwenyewe.

Oktoba 1943 mafichoni kukasalitiwa. Mtu aliyekuwa anatumika na Gestapo alijua siri, na Gestapo wakaja. Familia ya Horn ikachukuliwa, ikapelekwa Auschwitz, na wote wanne waliuawa. Alice Licht na wazazi wake nao walikamatwa.

SAFARI YA AUSCHWITZ

Hapa ndipo stori inapokuwa kama ya kutunga, lakini si ya kutunga.

Alice na wazazi wake walipelekwa kwanza kwenye kambi ya Theresienstadt mwezi Novemba 1943. Huko barua na vifurushi vilikuwa vinaruhusiwa kwa kiasi fulani. Weidt na wenzake wakaanza kutuma vifurushi vya chakula kwa Alice, kwa wazazi wake na kwa wengine kutoka karakana waliokuwa huko. Vilipita 150. Jamani, wakati huo Berlin yenyewe inapigwa mabomu na chakula ni cha mgao.

Mei 1944 Alice akapandishwa treni ya Auschwitz. Akiwa njiani aliandika kadi ya posta na kuitupa nje ya behewa. Mtu fulani, hakuna anayejua ni nani, aliiokota kadi hiyo na kuiweka posta, ikafika Berlin mikononi mwa Weidt.

Na yeye akapanda treni akaenda Auschwitz. Mzee asiyeona vizuri. Akajitambulisha kuwa ni mfanyabiashara wa brashi aliyekuja kuuza bidhaa zake kambini. Yaani ile ile biashara yake ndogo ikawa ndiyo tiketi ya kusogelea mlango wa mahali pabaya kuliko pote duniani. Hakufanikiwa kumtoa, lakini alipata habari kwamba Alice alikuwa amehamishiwa kwenye kambi nyingine ya kazi iliyoitwa Christianstadt. Akafuata nyayo mpaka huko. Akampata mfanyakazi wa kiraia aliyeweza kupeleka ujumbe, akakodi chumba jirani, akaacha humo nguo, dawa na fedha, ili msichana akipata nafasi ya kutoroka ajue pa kukimbilia.

Januari 1945 jeshi la Urusi likawa linakaribia, na wafungwa wakatolewa kambini kutembezwa kwa miguu kwenye baridi kali. Katika vurugu hizo Alice akatoroka. Akarudi Berlin, na mpaka vita inakwisha akawa amefichwa nyumbani kwa akina Weidt. Wazazi wake hawakurudi.

BAADA YA VITA

Inge Deutschkron na mama yake nao walipona, wakihama kutoka maficho haya kwenda yale. Berlin nzima, katika Wayahudi waliojaribu kuishi mafichoni, waliofika mwisho wa vita wakiwa hai ni kama 1,700 tu. Baadhi ya hao walipitia kwenye mikono ya mzee wa brashi.

Weidt baada ya vita hakukaa kusubiri medali. Alisaidia kuanzisha makao ya watoto yatima na wazee wa Kiyahudi waliobaki, katika mtaa wa Niederschönhausen. Lakini mwili ulikuwa umechoka. Tarehe 22 Desemba 1947 alifariki kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 64. Else aliendelea na karakana mpaka mwaka 1952 ilipofungwa na mamlaka za Berlin Mashariki.

Halafu ikawa kimya. Ni Inge aliyekataa kimya hicho. Alikuwa mwandishi wa habari, na mwaka 1978 akachapisha kitabu cha maisha yake ambamo Weidt yumo. Kabla ya hapo, mwaka 1971, taasisi ya kumbukumbu ya Yad Vashem ya Israeli ilikuwa imemtangaza Weidt kuwa miongoni mwa waadilifu wa mataifa. Vile vyumba vya mtaa wa Rosenthaler kwa bahati vilikuwa havijabadilishwa, na mwaka 1999 wanafunzi wa chuo waliandaa maonyesho humo, ambayo baadaye yakawa makumbusho ya kudumu. Chumba kisicho na dirisha bado kipo. Inge mwenyewe alifariki Machi 2022 akiwa na miaka 99, na kwa miaka mingi alikuwa anapita mashuleni kuwasimulia watoto wa Kijerumani habari za Papa Weidt.

MIMI NIMEPATA NINI HAPA

Sitaki kuwahubirieni. Ila nasema yangu mawili matatu kisha niwaachie uwanja.

Kwanza, Weidt hakuanza kwa kutaka kuwa shujaa. Alianza kwa kutaka biashara ndogo ya watu wasioona ambayo inajilipa. Kama asingekuwa na bidhaa ambayo watu wanaitaka, asingekuwa na cha kulipa jeshi, cha kuhonga, wala cha kubadilishana na chakula. Huruma yake ilikuwa na miguu ya kusimamia. Ndiyo maana mimi nikisikia kampuni imewapa walemavu zawadi za sikukuu nasema ahsante, lakini nikisikia kampuni imewapa oda ya kununua bidhaa zao mwaka mzima, hapo ndipo nitapiga makofi kwa mikono miwili. Mbuzi na mchele vinakwisha Jumatatu. Oda inamfanya mtu aamke asubuhi akijua kuna mahali anasubiriwa.

Pili, tuwe wakweli, ajira pekee haikutosha. Februari 1943 ile karatasi iliyowalinda kwa muda ikawa karatasi tu. Wengi wa wale watu 30 hawakupona, na Weidt alijua jina la kila mmoja wao. Serikali ikishaamua kwamba kundi fulani la watu si watu, mwajiri mwema mmoja ni mdogo sana. Kwa hiyo tusisubiri mpaka ifike huko. Neno baya linaloanza kijiweni kuhusu walemavu, au kuhusu albino, au kuhusu kabila la mwingine, lizimwe pale pale kijiweni.

Tatu, watu waliomsaidia walikuwa wa kawaida kabisa: mbia wake, mke wake, mwanamke wa mtaani, mtu fulani aliyeokota kadi kwenye reli akaibandika stempu. Huyo wa kadi mimi ndiye ninayemfikiria zaidi. Hatujui jina lake wala sura yake. Gharama yake ilikuwa stempu moja, ila angeweza kuipita ile kadi bila kuinama.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Swali langu ni hili: mtu anayehonga, anayefanya magendo na anayeliuzia bidhaa jeshi la dhalimu ili kuokoa roho za watu, mnamwekaje kwenye mizani yenu? Na la pili, hapo mtaani kwako kuna karakana au kikundi chochote cha watu wasioona wanaotengeneza kitu cha kuuza? Kama ipo tuandikie wanatengeneza nini na soko lao liko wapi, ili anayeweza kununua anunue. Matusi sitayaruhusu, hoja karibuni sana.

Naomba kuwasilisha.